Jumuiya Ilivyotuponyoka

Kijana wa Werugha, huku Taita, aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hana habari kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania pale Taveta na Holili uliwahi kufungwa kwa karibu miaka saba. Anashuka Mwatate, anashika lami hadi Taveta siku ya soko, anakuta Wakenya na Watanzania wamechanganyika, shilingi za pande zote mbili zikipita mikono, akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, aliyekuwa na shangazi Himo au dada aliyeolewa Moshi alimwona kwa njia za panya, au hakumwona kabisa. Nakisimulia kisa hiki kwa kuwa makosa yaliyotufikisha pale hayakuwa ya marais peke yao, na mengine naona tunaanza kuyarudia, hata katika mazungumzo yetu huku milimani.

Tarehe 6 Juni 1967, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukaanza kazi Desemba mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Wenye kukumbuka watakwambia haikuwa Jumuiya ya makaratasi. Shirika la Reli lilikuwa moja, ofisi kuu Nairobi. Bandari zilikuwa chini ya shirika moja lenye makao Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ndege Nairobi. Mfanyakazi wa stesheni ya Voi alikuwa na mwajiri mmoja na mwenzake wa Tabora au Soroti, na pale Voi njia iligawanyika: mabehewa mengine yakaenda Nairobi, mengine yakakata magharibi kupitia Taveta hadi Moshi, kwenye reli iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati huo Ulaya ilikuwa na nchi sita tu katika soko lake la pamoja, na hawakuwa wameondoa ushuru wote kati yao. Sisi tulikuwa tumetumia shilingi moja tangu enzi za mkoloni. Wao walianza kutumia noti za yuro mwaka 2002.

Basi ilikuwaje aliyetangulia akaanguka njiani?

Dalili ya kwanza ilionekana hata kabla ya mkataba. Mwaka 1965 nchi tatu zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu yake, na mwaka uliofuata shilingi ikagawanyika mara tatu. Watu walibadilisha noti na maisha yakaendelea, hakuna aliyeuliza mengi.

Ya pili ilisemwa waziwazi, kwa miaka. Viwanda vilirundikana Nairobi na Mombasa. Kenya iliwauzia majirani bidhaa nyingi kuliko ilizonunua kwao, na Tanzania na Uganda zikalalamika kwamba Jumuiya inamnenepesha mmoja. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, na waliotunga mkataba walilijua: waliweka kodi maalumu ya kulinda viwanda vya wenzetu, wakaanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ili nchi hizo mbili zipate mikopo zaidi. Lakini dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Na huku Kenya, badala ya kulisikiliza lalamiko, wengi tulilichukulia kama wivu wa jirani mvivu. Hapo ndipo ningewaomba wasomaji tusimame kidogo. Mtu akikwambia mara tatu kwamba mgao haumtoshi, nawe ukamjibu kwa kicheko, ujue hatakuja kukwambia mara ya nne.

Ya tatu ilikuwa nzito zaidi. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kwa haki kabisa, maana mikono ya Amin ilikuwa na damu. Ila matokeo yake ni kwamba Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu ambacho ndicho kilikuwa na neno la mwisho, hakikukutana tena. Kuanzia hapo mambo yakasukumwa kwa barua na wajumbe. Sote tumewahi kuwa katika chama cha kuweka akiba ambacho mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani. Michango inaendelea mwezi wa kwanza, wa pili, na kila mtu anajipa moyo kwamba watapatana. Hakuna anayesimama kuuliza daftari liko wapi. Mimi pia ningenyamaza, maana nani anataka kuonekana mchochezi?

Fedha zikafuata. Mashirika ya pamoja yalitegemea kila nchi ipeleke mapato yake makao makuu. Kufikia katikati ya miaka ya sabini kila upande ulikuwa unashikilia hela zake, kwa hoja kwamba wenzake ndio walioanza. Treni zikakosa vipuri, ndege zikalimbikiza madeni. Mwaka 1975 iliundwa tume ya kuupitia upya mkataba, ikiongozwa na William Demas wa Trinidad. Ilifanya kazi yake, na mapendekezo yake yakabaki kwenye makabati.

Lakini dalili ninayoiogopa kuliko zote ilikuwa katika ndimi zetu. Kule ng'ambo Wakenya wakawa manyang'au, watu wanaotafunana wao kwa wao. Huku tukajibu kwamba heri kutafunana kuliko nchi ambayo hata cha kutafuna hakuna. Yalisemwa redioni, magazetini na vilabuni, na watu walicheka sana. Wakubwa wengine, akiwemo Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo, hawakuficha kwamba Jumuiya haiwapendezi. Utani wa watani ni dawa, tunajua. Huu haukuwa utani tena, na masikio yetu yalishindwa kutofautisha.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama. Kenya ikaunda Kenya Airways, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Februari. Tanzania ikafunga mpaka. Magari na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wa pili zikakamatwa, watalii waliokuwa mbugani wakalazimika kutafutiwa njia ya kutoka. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekwisha.

Kwa Taita Taveta hili halikuwa jambo la magazeti. Ziwa Chala limekatwa katikati na mpaka, Ziwa Jipe vilevile, na koo za Wataveta, Wapare na Wachaga zimeoana toka enzi na enzi. Reli ya Voi ikapoteza mwenzake wa upande wa Moshi. Sabuni, sukari na mafuta vilipoadimika Tanzania, magendo yakashamiri usiku, na mwaka 1983 serikali ya kule ikaendesha msako mkali wa watu iliowaita wahujumu uchumi. Mama aliyebeba miche michache ya sabuni akawa mhalifu kwa kosa la kuvuka njia aliyoivuka bibi yake bila kuulizwa.

Mgawanyo wa mali na madeni ulimchosha msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, hadi makubaliano yakatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya nchini Tanzania waliendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani Dar es Salaam hadi baada ya mwaka 2000, wengine wakiwa wazee wa mkongojo.

Swali linalonisumbua ni hili: mbona hakuna aliyeilinda? Reli moja, bandari moja, posta moja vinavunjwa, na wananchi hawakutikisika. Jibu limeandikwa katika utangulizi wa mkataba mpya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Unataja sababu za kuanguka kwa ile ya kwanza: viongozi kukosa nia thabiti, manufaa kugawanywa bila uwiano, na wafanyabiashara na vyama vya kiraia kutoshirikishwa vya kutosha. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka tuishike. Jumuiya ilikuwa ya maofisa. Mkulima wa Werugha hakuulizwa ilipoanzishwa, na ilipokufa hakuhisi kwamba amenyang'anywa kitu.

Wazungu nao walijikwaa hapohapo. Kwa miaka mingi viongozi wao waliuhesabu ukimya wa wananchi kuwa ndiyo. Mwaka 1992 Wadenmaki wakaukataa mkataba wa Maastricht wa kuunda Umoja wa Ulaya kwa kura chache. Mwaka 2005 Wafaransa na Waholanzi wakaikataa katiba ya Ulaya, na 2016 Waingereza wakaamua kutoka katika Umoja huo kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Wengi wa wakubwa walishangaa. Hawakupaswa kushangaa, maana manung'uniko yalikuwapo siku zote, ila yaliitwa ujinga.

Tanzania, kwa maoni yangu, ilituonyesha njia nzuri zaidi mwaka 2006 na 2007. Viongozi walitaka kuharakisha shirikisho la kisiasa, wananchi wakaulizwa, na Watanzania walio wengi wakasema hapana, twende polepole. Agosti 2007 marais walikutana Arusha wakakubali kuanza na forodha, soko la pamoja na sarafu kwanza. Wakenya tulinuna, tukasema wanatuchelewesha. Mimi naona "hapana" ile iliyosikilizwa iliokoa mengi.

Sasa tazameni yaliyotokea karibuni. Mwaka 2017 Tanzania ilinadi zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya, ikateketeza vifaranga 6,400 waliovushwa mpakani. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Julai 2025 Tanzania ikawapiga wageni marufuku katika biashara kadhaa ndogondogo. Kila mara mitandao huwaka moto, na maneno ninayoyasoma humo ni yaleyale ya miaka ya sabini, yamebadilishwa herufi tu.

Huku kwetu nako, nyanya za ng'ambo zikiingia Voi bei ikashuka, utasikia kwamba Watanzania wanatumaliza. Ningekuwa na kreti kumi zinazoiva ningesema hivyo hivyo. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuambiwa kwamba mazao yanayolimwa ndani ya Jumuiya, yakiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa? Ni karatasi fupi, inajazwa palepale mpakani na kugongwa muhuri na ofisa wa forodha. Asiyeijua huwapa vitunguu vyake waendesha boda boda wapite porini, akilipa huku na kule, kisha anarudi nyumbani akisema Jumuiya ni ya matajiri wa Nairobi. Kwa aliyoyaona yeye, ana makosa gani?

Mei 2023 wataalamu waliokuwa wakiandaa rasimu ya katiba ya shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki walianza kuzunguka Kenya kuchukua maoni. Werugha hatukusikia vishindo vyao. Chifu anapoitisha baraza ajenda ni maji, barabara na basari, na ni sawa, lakini kuna kaunti chache katika nchi hii zinazouhitaji mpaka ulio wazi kama yetu. Tumwombe mwakilishi wadi na mbunge walete ofisa wa forodha wa Taveta barazani, akae na akina mama wa soko, aonyeshe hicho cheti, asomewe na orodha ya malalamiko yetu juu ya nyanya. Ikibidi akina mama wa Holili nao waalikwe, wana yao ya kusema juu yetu.