Nani Amshukuru Punda?

Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hii imezoeleka mno katika pwani ya Waswahili, na hutajwa kila mtu anapotendewa wema akaurudisha kwa ubaya. Imesemwa mara nyingi hata ni nadra kumpata anayesita na kuuliza swali lililomo ndani yake: ni wema upi huo aliotendewa punda hata akadaiwa shukrani? Methali inamweka mwanadamu mahali pa mtoaji na punda mahali pa mpokeaji. Walakini, atakayesimama asubuhi na mapema katika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji mkongwe wa Lamu inayokwenda sambamba na ufuo, ataona mambo yakienda kinyume. Mtoaji yumo njiani, amebeba. Na wapokeaji wamo majumbani, katika nyumba zilizosimama kwa nguvu za mgongo wake.

Kusema hivyo si kutia chumvi. Nyumba ya Lamu ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na boriti za mikoko. Vitu hivyo vililetwa na majahazi hadi pwani, lakini jahazi halipandi kichochoroni. Kutoka ufuoni hadi mlangoni mwa mwenye nyumba mzigo ulipita katika njia nyembamba, nyingine zikiwa na nafasi ya punda wawili kupishana tu, na huko hapakuwa na chombo ila mgongo, wa punda au wa hamali. Punda akatandikwa, juu ya tandiko likawekwa shogi, kila upande ukajazwa mchanga au mawe kwa usawa, na mchunga akafuata nyuma akipaza sauti, "Simile! Simile!", ili wapita njia wajibanze ukutani. Kazi hiyo haijakoma. Saruji imechukua mahali pa chokaa katika nyumba nyingi, lakini nayo imepanda mjini kwa njia ile ile.

Jioni, kazi ikiisha, punda hufunguliwa. Wapo wenye mabanda na nyua za kuwafungia wanyama wao, lakini kwa punda wengi njia yenyewe ndiyo zizi. Hulala ufuoni au kando ya baraza, hujitafutia chakula hata jaani, na asubuhi mwenyewe huja kumtafuta mnyama wake kwa alama anayoijua. Mgeni hupendezwa na mandhari hiyo. Huona uhuru pale ambapo mwenyeji akitazama vizuri huona pia kidonda kilichofichwa na tandiko mchana kutwa.

Hapo ndipo lilipo suala la kimaadili. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo mengi yameandikwa kuhusu milango yake ya nakshi, madaka yake na mabaraza yake. Punda naye hakusahauliwa kabisa: yumo katika kadi za posta na katika mashindano ya mbio wakati wa Maulidi. Lakini kukumbukwa kama pambo si sawa na kukumbukwa kama mdai. Je, mtu anaweza kuupenda mtaa wa kale kwa haki ilhali amemsahau aliyeubeba? Na iwapo mji una deni kwa mnyama, deni hilo ni la namna gani, na hulipwaje?

Wapo wanaodhani kwamba wakati utalifuta swali lenyewe. Pikipiki zimekwisha ingia kisiwani, na mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari kubwa mpya ilifunguliwa upande wa bara. Siku itakuja, husema watu hao, ambapo punda atapumzishwa na injini, na mambo yatakuwa yamekwisha. Ili kulipima wazo hilo yafaa kuutazama mji uliokwisha kuipita njia hiyo, nao ni London.

Katika karne ya 18 na ya 19, nyuma ya nyumba za matajiri wa London, katika mitaa kama Mayfair, Belgravia na Kensington, zilijengwa njia fupi za mazizi. Chini walikaa farasi na magari yao ya kukokotwa. Juu, pamoja na nyasi kavu na harufu ya kinyesi, walikaa wachunga farasi na jamaa zao. Nyumba kubwa ziligeuza uso upande wa barabara, na mazizi yakafichwa nyuma ili anayehudumiwa asisumbuliwe na anayehudumu. Makadirio ya miaka ya 1890 yalitaja farasi wapatao laki tatu katika mji huo. Kisha injini ikaja kwa haraka: kampuni kubwa kuliko zote za mabasi ya London iliendesha basi lake la mwisho la farasi mwaka 1911.

Mazizi yale hayakubomolewa yote. Mengi yaligeuzwa kuwa nyumba, na leo ni miongoni mwa makazi ya bei ghali mjini. Mawe ya njia yamebaki, milango mipana ya magari imepakwa rangi nzuri, na juu ya baadhi yake bado unaonekana mlango mdogo uliotumiwa kupandishia nyasi. Kila kitu kipo isipokuwa aliyejengewa. Lamu kuna punda asiye na zizi; London kuna zizi lisilo na farasi. Katika miji yote miwili kumbukumbu imechagua kitu kimoja cha kupenda, nacho ni kile kisichodai chochote.

Basi kuondoka kwa mnyama hakukulifuta deni. Kulimwondoa mdai tu. Hata hivyo, si haki kuishia hapo, kwani mji huo huo uliacha alama nyingine. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakinga ng'ombe, farasi, punda na wanyama wengine wa kazi dhidi ya ukatili. Inasimuliwa, na imechorwa katika picha, kwamba Richard Martin, mbunge aliyeipigania sheria hiyo, alimleta punda mwenyewe mahakamani ili hakimu ayaone majeraha yake. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuwatetea wanyama, na baadaye mabirika ya mawe yakawekwa barabarani ili wanyama wa kazi wapate maji bure. Mengi ya mabirika hayo leo yamepandwa maua, lakini yalipowekwa yalikuwa ni kukiri kwamba mwenye kiu ana haki hata kama hana ulimi wa kuidai.

Fikra ya mnyama kusimama mbele ya hakimu haikuzaliwa London. Katika karne ya 10 Ikhwan as-Safa, wanazuoni wa Basra walioficha majina yao, waliandika katika risala zao kisa cha kesi baina ya wanyama na wanadamu. Watu waliovunjikiwa na chombo walifika kisiwani, wakawakuta wanyama wanaishi kwa amani, wakaanza kuwakamata na kuwatumikisha. Wanyama wakaenda kushitaki kwa mfalme wa majini. Wanadamu wakatoa hoja zao moja baada ya nyingine: umbo lao lililosimama wima, akili zao, ufundi wao, ufasaha wao. Kila hoja ikajibiwa. Mwishowe wanadamu walipewa ushindi, lakini si kwa nguvu wala kwa werevu. Walipewa kwa sababu miongoni mwao wapo watu wema wenye tumaini la maisha ya akhera. Maana yake ni nzito: anayeshinda kwa sababu ya wema hawezi kuutupa wema akabaki na ushindi.

Kisa hicho hakiko mbali na Lamu kama kinavyoonekana. Boriti za mikoko zilizobebwa hadi ufuoni ndizo zilizopakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba, ambako zilitumika kuezekea nyumba. Pamoja na mizigo zilisafiri pia hadithi na mafunzo, na hakuna mtoto wa pwani aliyekulia chuoni asiyesikia kwamba mtu aliyempa maji mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Fundisho lipo. Linalokosekana aghalabu ni kulitoa chuoni na kulifikisha njiani.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa na methali, yaani shukrani na haki. Shukrani hutolewa kwa aliyetoa kwa hiari. Punda hakutoa, alichukuliwa. Hakukubaliana na mtu bei ya safari wala uzito wa shogi. Kwa hiyo anayesema, "Tumshukuru punda," amesema jambo jema lakini amejipunguzia hesabu, kwa kuwa shukrani yaweza kumalizika kwa maneno. Alichochukuliwa mtu bila ridhaa hakilipwi kwa asante. Punda anadai maji, chakula, kivuli, kidonda kufungwa na mzigo usiozidi nguvu zake. Na uzee ukimfika, asitupwe jaani kama shogi lililotoboka. Mambo hayo yanawezekana. Mwaka 1987 zahanati ya punda ilifunguliwa Lamu, na wachunga wenyewe wakawa wanawapeleka wanyama wao kutibiwa. Hilo ni jibu tosha kwa wanaodai kwamba maskini hana nafasi ya huruma.

Lakini pingamizi la umaskini halistahili kupuuzwa. Mchunga punda si tajiri. Watoto wake hula kutoka mgongo ule ule, na siku punda anapopumzika, jiko nalo hupumzika. Ni rahisi kwa aliyeketi barazani kulaani bakora, na ni vigumu zaidi kuuliza ni nani aliyeupanga uzito wa mzigo. Mwenye kujenga hulipa kwa safari. Akibana bei, mchunga hana pa kuifidia ila katika shogi: huongeza mawe mawili upande huu na mawili upande huu. Mwenye nyumba hakumpiga punda hata mara moja, wala hakumwona. Ila mawe yale manne ni yake. Dhuluma nyingi za mjini huwa hivyo. Hutendwa na mkono mmoja kwa agizo la mkono mwingine ulio safi, na lawama hubaki kwa yule anayeonekana njiani.

Ipo methali nyingine inayosema wazi kile ambacho ile ya kwanza inakificha: afe punda, mzigo ufike. Watu huitaja kwa ushujaa, kama wito wa kutokata tamaa, na wachache hukumbuka kwamba anayeitaja si punda. Historia ya Afrika Mashariki imeonyesha mwisho wa fikra hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia farasi, nyumbu na punda wa majeshi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Mizigo haikusimama, ilihamishiwa vichwani mwa watu. Wapagazi walikusanywa kutoka bara na visiwani, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Aliyezoea kuona kwamba mzigo una thamani kuliko anayeubeba, siku punda akifa, hatatua mzigo. Atatafuta mgongo mwingine.

Na katika karne hii methali hiyo imepata sura mpya, kwani punda mwenyewe amegeuzwa kuwa mzigo wa kufikishwa sokoni. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yaliyopewa leseni nchini Kenya yalichinja punda wapatao laki tatu katika muda usiofika miaka mitatu, ili ngozi zao zipelekwe China kutengenezewa dawa. Wizi wa punda ukaenea, na jamaa zilizotegemea mnyama mmoja kwa maji na kuni zikaamka asubuhi zikikuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka 2021, na mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Uamuzi huo ulichelewa, na utekelezaji wake wategemea kila nchi. Lakini umekiri kwamba mnyama aliyebeba bara zima hapaswi kuhesabiwa kwa bei ya ngozi yake tu.

Mtaa wa kale unastahili kukumbukwa, na hakuna ubaya katika kuipenda sauti ya kwato juu ya mawe wala mwito wa "Simile!" unaokaribia konani. Ila mwito huo una maana yake: pisheni njia, kuna aliyebeba. Anayeukumbuka na kufurahi huku maji hayajamiminwa katika ndoo, na bei ya safari bado imebanwa, hajaukumbuka mtaa. Amejikumbuka mwenyewe akiwa mtoto ndani yake. Deni la mji kwa mnyama wake hulipwa wakati mnyama yungali hai, kwa maji, kwa kivuli, na kwa mwenye kujenga kukubali kulipia safari mbili badala ya moja.

Ama mateke, huenda yakaeleweka upya. Mbele ya mfalme wa majini, katika kisa cha watu wa Basra, punda alipewa ulimi akajieleza. Katika Usita wa Mui hakupewa. Akirusha teke pale kidonda kinapoguswa na kamba, hajakosa shukrani. Ametoa ushahidi wake kwa njia pekee aliyo nayo, na kinachosubiriwa ni hakimu.