Pale Sehemu Yako Inapokutana na ya Mwenzako

Soma kwa somo hili: Nehemia 2:11–18, Nehemia 3, Nehemia 4:6–20, Mhubiri 4:9–12, Kutoka 20:8–11.

Fungu la kukariri: Nehemia 4:6.

Wengi wetu tukifika Nehemia sura ya 3 huiruka. Ni orodha ya malango, minara na majina magumu kutamka. Hata hivyo, kijana anayejiandaa kuingia kazini ana mengi ya kujifunza hapo. Watu wa kazi mbalimbali walijenga ukuta mmoja, na ukakamilika kwa siku 52 (Nehemia 6:15).

Shuleni kijana hufanya mtihani peke yake, na akimwonyesha jirani jibu huadhibiwa. Huzoea hivyo miaka mingi. Kisha anaajiriwa na kuambiwa, "Fanyeni hii pamoja." Cheti anacho, bidii anayo, na maombi hayaachi, lakini hajui kupokea kazi kutoka kwa mwenzake wala kuikabidhi. Wako wanaopoteza nafasi kabla muda wa majaribio haujaisha kwa sababu hiyo tu. Je, kanisa linaweza kuwaandaa mapema?

Ipokee sehemu yako

Soma Nehemia 3:1–12. Ni watu wa namna gani walioshika kazi?

Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake wanatajwa kwanza. Wafua dhahabu na watengeneza marashi, waliozoea kazi za vitu vidogo, walijenga ukuta. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Kama kila mmoja angesubiri kazi aliyosomea, ukuta usingeinuka.

Angalia pia Watekoa. Wakuu wao walikataa kuinama kazini (fungu la 5), lakini watu wa kawaida wa Tekoa walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua nyingine (fungu la 27). Uvivu wa mkubwa wako hauwi ruhusa ya kulegea kwako.

Tazama maungio

Hesabu mara ambazo sura hii inasema kwamba fulani alijenga kando ya fulani, au baada yake. Kwa nini mwandishi anarudia hivyo?

Ukuta wenye pengo moja bado ni njia ya adui, na pengo huweza kubaki pale sehemu mbili zinapokutana, kila mmoja akidhani mwenzake ataliziba. Ndivyo ilivyo kazini. Fundi umeme asipozungumza mapema na fundi wa lipu, ukuta uliokwisha kupigwa lipu utachimbwa tena ili nyaya zipite. Muuguzi wa zamu ya usiku asiposema ni dawa ipi amekwisha kumpa mgonjwa, wa asubuhi anaweza kuitoa mara ya pili. Wote wawili huenda ni hodari, lakini mgonjwa ndiye atakayeumia.

Kwa hiyo, kabla hujasema "nimemaliza," jiulize: anayefuata baada yangu anajua nimefikia wapi?

Sema mapema

Soma Nehemia 4:10–20. Wafanyakazi walisema nini, na Nehemia alifanya nini?

Walisema wazi kwamba wachukuzi wamechoka na kifusi ni kingi. Hatusomi kwamba walikemewa. Vitisho vya adui vilipoongezeka, Nehemia aliwapanga upya: nusu wakafanya kazi, nusu wakashika silaha. Kwa kuwa walikuwa mbalimbali ukutani, aliweka mpiga tarumbeta karibu naye ili wote wajue pa kukusanyika. Kijana anayeficha kwamba amelemewa, akisubiri mpaka siku ya mwisho, huwalemea wenzake wote. Kiongozi anayekasirikia kila taarifa mbaya huwafundisha watu wake kunyamaza.

Sabato na zamu ya mwenzako

Hapa ndipo somo hili linapotugusa Waadventista kwa namna ya pekee. Mfanyakazi anapoomba nafasi ya kuitunza Sabato, mara nyingi kuna mwenzake atakayeibeba zamu hiyo. Tukizikwepa zamu za Jumapili, za usiku na za sikukuu, wenzetu watasema Sabato yetu ni ujanja wa kukimbia kazi, na jina la Bwana litatukanwa kwa ajili yetu.

Hatuitunzi Sabato kwa kibali cha wanadamu. Lakini amri ile ile inayotuagiza kupumzika inataja pia siku sita za kazi (Kutoka 20:9). Lieleze ombi lako mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba, na kwa heshima. Kisha uwe wa kwanza kujitolea kwa zamu ambazo wengine hawazipendi.

Tuanzie nyumbani

Ujuzi huu haupatikani kwa kuhubiriwa tu. Watafuta Njia huujifunza wanaposimika hema pamoja na kugawana kazi za jikoni. Tunapoandaa makambi, tusiwape vijana viti vya kubeba tu. Tuwape kazi nzima: waipange, wagawane, wakabidhiane, na mwisho waketi waseme kipi kilikwenda vema na kipi hakikwenda. Mzee wa kanisa awe karibu, lakini asiwanyang'anye kazi pale watakapokosea.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kanisa lenu, ni kazi ipi hukwama kwa sababu kila idara hudhani ni ya idara nyingine? Nani atalizungumza juma hili?
2. Soma Matendo 15:36–40 na 2 Timotheo 4:11. Yohana Marko alipata nafasi ya pili. Tunawatendeaje vijana walioshindwa katika kazi ya kwanza?
3. Wenzako kazini, wakiulizwa, wangesema nini kuhusu siku zako sita?