Je, Kutunga Hofu ni Dhambi?

Riwaya yangu ya kwanza, ya kutisha, ilipotoka mtamboni, shangazi aliniuliza: "Mwanangu, habari za majini unaziandika za nini? Huogopi kuwaita?"

Swali zito. Mwaka 1995, Unguja na Pemba, watu walilala nje wakikesha pamoja kwa hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku. Hofu ile siichezei. Lakini Kurani yenyewe ina sura iitwayo Al-Jinn, wala haifichi Jahanamu. Hofu, basi, si najisi. Tena hufichua ubaya wa watu: Mary Shelley alichapisha riwaya ya Frankenstein mwaka 1818, na humo kinachonitisha mno ni muumba anayemtelekeza kiumbe wake.

Nami, katika riwaya yangu, nimeandika juu ya mganga anayeuza hirizi kwa wafiwa. Msomaji, soma hadi mwisho, kisha unihukumu kwa nilichokiandika.