Dominika Haina Likizo



Wapendwa vijana, Luka 2:41-52 inatueleza kwamba kila mwaka wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Kumbe hata Familia Takatifu ilisafiri pamoja!

Kwetu Morogoro, tangu treni ya SGR ianze 2024, Dar es Salaam imekuwa hapo tu, chini ya saa mbili. Mwezi uliopita tulienda kifamilia. Jumamosi yote ufukweni, picha za kutosha. Usiku mdogo wangu akauliza, "Kesho si tulale tu, tupo mapumziko?" Mama akamjibu, "Na mapumziko haya katupa nani?"

Asubuhi tukasali Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la karibu na bandari, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Nilimtazama baba amepiga magoti katika jiji ambalo hakuna anayemjua. Ile ndiyo imani.

Kijana mwenzangu, ugenini hakuna katekista wala mwenyekiti wa jumuiya anayekuangalia. Utasali?

Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani. Walimpata siku ya tatu, hekaluni. Nasi twaweza kumaliza wikiendi nzima tukidhani tuko naye. Usidhani, hakikisha. Unapotafuta pa kulala, ulizia na saa za Misa.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, utuombee. Amina.