Hatia ya Mwenye Nia Njema

Nakuuliza, msomaji, swali ambalo mimi nilifundishwa kwa gharama ya viumbe kumi na wawili: je, mtu atendaye ubaya kwa nia njema ana hatia?

Nilikuwa nikikaa Kipevu, upande wa bara ya Mombasa, mahali ambapo meli za mafuta hufunga gati ng'ambo ya mikoko. Katika chumba changu niliweka tangi la kioo, nikatandaza changarawe, nikapanda majani ya majini, kisha nikatia samaki wadogo wa maji baridi waitwao kardinali, ambao asili yao ni Mto Negro na Mto Orinoco katika Amerika ya Kusini. Samaki huyu hazidi sentimita 5. Ubavuni ana mstari wa buluu ung'aao, na chini yake wekundu utokao kichwani hata mkiani. Ni mpole mno. Akiwekwa peke yake huingiwa na woga na rangi yake hufifia, bali wakiwa kundi hutembea pamoja kama wanafunzi watokao shule. Joto la Mombasa, ambalo hutulalamisha sisi, wao huliona la nyumbani.

Siku moja maji ya mfereji yalirudi baada ya kukatika kwa muda mrefu. Nikafurahi kwa ajili yao. Nikamwaga maji yote ya zamani, nikasugua changarawe hata ikatakata, nikajaza maji mapya palepale. Asubuhi walikuwa wakielea juu.

Sababu niliijua baadaye. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu visituletee maradhi. Klorini hiyohiyo huunguza mashavu ya samaki. Tena, taka za samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na katika changarawe huishi bakteria wanaoigeuza hatua kwa hatua iwe chakula cha mimea. Huchukua majuma kadhaa kuenea humo. Nami niliwasugua kwa jioni moja, nikidhani natoa uchafu! Maji niliyoyanywa salama ndiyo yaliyowaua.

Rafiki yangu alinifariji akasema kwamba asiyejua hana kosa. Laiti ningeweza kumkubalia. Mpita njia asiyejua aweza kusamehewa, maana hakuna aliyemkabidhi kitu. Lakini samaki wa mtoni, maji yakimchukiza, huogelea akaenda zake; samaki wa tangi hana pa kwenda wala sauti ya kushtaki. Mimi ndimi niliyemnyima mto, kwa hiyo ujinga wangu haukuwa tena mali yangu peke yangu. Aliyejitwalia mamlaka juu ya asiyeweza kuondoka amejitwalia pia wajibu wa kujua.

Pengine utasema kwamba dawa ni kutofuga kabisa. Ni hoja nzito, na kuna usiku niliokaribia kuikubali. Hata hivyo tazama Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara walitiwa humo kwa nia ya kustawisha uvuvi. Uvuvi ulistawi kweli, na watu wengi wakapata riziki. Lakini katika miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, zilitoweka, ingawa kuchafuka kwa ziwa nako kulichangia. Hapo nia njema ilifanya kazi palipo na uhuru wote wa maji. Na baadhi ya furu wasioonekana tena ziwani wamehifadhika hadi leo ndani ya matangi ya kioo, Ulaya na Marekani. Kwao gereza limekuwa safina.

Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi ya Mzima, katika Tsavo Magharibi, nayo husafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200. Huko Mzima kuna chumba kilichojengwa chini ya maji, na mgeni hukaa humo nyuma ya kioo. Nilikaa. Samaki wakapita, wakanitazama, wakaenda zao. Hawakuhitaji lolote kutoka kwangu.

Tangi ninalo bado. Ndoo ya maji hukaa wazi mchana na usiku, klorini iruke, nami hubadilisha robo tu.