Nukta, Zaka na Kanuni ya Kukariri

Ubaoni pameandikwa 2.5%, na darasa la sita linaitikia kwa pamoja: nukta hatua mbili kushoto! Zikifunguliwa daftari, mmoja ameandika 0.025, jirani yake 0.25. Kanuni ni moja, majibu mawili.

Asilimia hiyo ndiyo kiwango cha zaka ya fedha na mali ya biashara, ikishafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka. Mwenye shilingi 40,000,000 zinazostahili zaka anadaiwa 1,000,000. Tarakimu zikiteleza nafasi moja, atatoa milioni 10 na duka litayumba. Zikiteleza upande wa pili atatoa laki moja, na laki tisa za wanaostahili zaka, waliotajwa katika Sura ya At-Tawba, zitabaki mfukoni mwake, huku nia yake ikiwa safi kabisa.

Sasa aliyepatia kwa kukariri tu, anajua alichofanya? Wanazuoni wa Kiislamu waliligusa swali hili tangu zamani: mtu wa kawaida aliruhusiwa kumfuata mwanachuoni katika matawi ya sheria, lakini katika misingi ya imani wengi wa mkondo wa kiakida wa Kiashari walimtaka awe na hoja yake mwenyewe. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein naye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, alimweka mbele yetu mwanafunzi anayeongeza mbili mbili vizuri hadi 1,000, kisha anaandika 1,004 na 1,008 akiamini anaendelea vilevile. Majibu sahihi ya jana hayakuthibitisha kwamba kanuni ilimwingia.

Hesabu za shule, kwa maoni ya mwandishi huyu, zinastahili ule msimamo mkali wa Kiashari. Kwanza, nukta haihami kokote. Kugawanya kwa mia kunazisogeza tarakimu: 2 iliyokuwa kwenye mamoja inashuka hadi sehemu za mia, 5 iliyokuwa kwenye sehemu za kumi inashuka hadi sehemu za elfu. Nafasi ya sehemu za kumi inabaki tupu, na sifuri inakaa pale kuilinda. Ukiiondoa, wenzake wote wanapanda cheo bila haki.

Mafakihi (wanasheria wa Kiislamu) wa zamani hawakuhitaji desimali. Walisema robo ya sehemu ya kumi, yaani dirhamu 5 katika 200. Mazao yaliyooteshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu yake. Ziandikwe basi kwa kufuatana: 0.1, kisha 0.05, kisha 0.025, kila moja nusu ya iliyotangulia. Mtoto aliyeishuka ngazi hiyo kwa penseli yake, akionyeshwa 0.25, atataka kujua kwa nini mwenye duka anatozwa zaidi ya mara mbili ya mkulima aliyenyeshewa mvua ya bure.