Mpira wa Saa Nne Usiku

Nina swali linanisumbua: ukipewa kitu kizuri kwa sababu unaogopwa, je, umepewa kweli?

Miaka ya tisini masela wa mjini tulivaa fulana nyekundu namba 23 za Michael Jordan, nyingi za mtumba, tukajiona tunaijua Chicago kama Kariakoo. Tuliijua nusu tu. Chicago Stadium, walikocheza Bulls hadi 1994, ulikuwa jirani kabisa na Henry Horner Homes, maghorofa ya wapangaji maskini, wengi wao Weusi, mali ya mamlaka ya nyumba ya mji. (Leo yamebomolewa.) Fikiria: uwanja unauona dirishani, tikiti huna.

Mwaka 1989 mamlaka hiyo ilianzisha ligi ya kikapu ya usiku kwa wapangaji wa Horner na Rockwell Gardens: wanaume wa miaka 18 hadi 25, saa nne usiku hadi saa nane. Wazo lilitoka Maryland, kwa G. Van Standifer, mwaka 1986. Mechi ikiisha hakuna kukimbilia kulala, kuna semina: kutafuta kazi, dawa za kulevya. Hukukaa, huchezi. Na kwa nini usiku? Hawakuficha, bwana. Ndizo saa za uhalifu, na mkono wenye mpira hauna bastola.

Wapo watakaonicheka: mwenye njaa tangu lini akauliza nia ya mpishi? Hoja hiyo ina uzito. Aliyepata jezi, refa, na kocha anayemjua kwa jina, alipata kitu, na nia ya mwenye nyumba haikumpunguzia hata pointi moja. Hata mimi nisingegoma, ningecheza. Lakini tazama mwaka 1994, mswada wa uhalifu ulipofika bungeni Marekani ukiwa na fedha za ligi kama hizi. Rais George Bush alikuwa ameisifu ile ya Maryland mwaka 1991. Sasa watu wa chama chake cha Republican wakaifanya kichekesho. Ati jambazi anunuliwe mpira! Watetezi nao wakajibu kwa mizani ileile: unapunguza uhalifu. Basi kijana akawa jambazi upande huu, jambazi mtarajiwa upande ule.

Hapo ndipo ninapogombana na hisani hii. Mpira uliotolewa ili kuzuia wizi ni wa kukopeshwa: wizi usipopungua, ring'i inang'olewa. Mbona dirisha halina masharti hayo? Hakuna mwenye nyumba anayesema nakuwekea dirisha ili usiibe. Mtu anahitaji hewa, basi. Mwili nao unahitaji kukimbia na kutoka jasho, na anayewapandisha watu maelfu ghorofani anadaiwa uwanja kama anavyodaiwa choo.

Tena mfikirie mama wa ghorofa ya saba, magoti yanamuuma, hajamwibia mtu tangu azaliwe. Na binti yake, anayedunda mpira kuwashinda kaka zake. Ligi ile haikuwa yao. Wao hawakumtisha mtu.